Kiasi, Neno Lililotaka Kunitupa Ziwani

Vijana wangu wa maiki,

Mliponiaga pale ukumbini Mbinga mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya ushereheshaji. Saa inakwenda vizuri. Machache ndiyo haya. Msitegemee niwaambie nani alinilipa vizuri wala harusi ipi ilikuwa kubwa kuliko zote, maana wenye harusi hizo wako hai na kila mmoja anaamini ni yake. Nitawaeleza habari za neno moja tu, kiasi. Ndilo lililonifundisha kazi, na siku moja kule ufukweni ndilo lililotaka kunitupa Ziwa Nyasa nikiwa na suti na viatu vya kuazima.

Kazi niliianza kwa bahati mbaya ya mtu mwingine. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Otmar, katekista wa kijijini kwetu juu milimani, ambaye ndiye aliyeongoza kila harusi, kipaimara na jubilei kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na kipaza sauti cha mkono, kile chenye mdomo kama tarumbeta. Siku moja, harusi ikiwa imekwishaanza, sauti yake ilikatika kwa kugombana na kwaya. Akanivuta mkono, akanikabidhi kile chombo, akaninong'oneza kwa taabu:

"Kandidus, sema kiasi."

Nikasimama mbele za watu. Nikasema, "Bwana harusi huyu hapa. Bibi harusi huyu hapa. Chakula kipo." Nikakaa.

Mwanzoni watu walidhani nimezidiwa. Halafu neno "chakula kipo" likawaingia. Walisimama wote, wakaenda jikoni na sahani, na wapishi walikuwa ndio kwanza wanatia mchele kwenye maji. Padri alikuwa hajabariki chochote. Maharusi walibaki meza kuu na msimamizi wao tu, na baada ya muda msimamizi naye akaenda kupanga foleni.

"Nilikwambia useme kiasi," Mzee Otmar alinifokea kwa sauti ya paka.

"Mzee, nimesema kiasi."

"Umesema kidogo!"

Kesho yake aliniita nyumbani kwake nimsaidie kugeuza kahawa iliyoanikwa, na sauti ilikuwa imerudi, yote. Alinieleza neno lile kama mtu anayeeleza barabara yenye kona nyingi. Alisema kidogo ni kidogo, lakini kiasi ni pale kitu kinapotosha. "Mama yako akikwambia utie chumvi kiasi, ukitia chembe mbili atakupiga mwiko. Ukitia ngumi nzima atakupiga mwiko uleule. Mgonjwa ukimuuliza hali akakujibu 'kiasi', maana yake hajafa ila usimletee kazi. Mtu akikwambia anajua Kiingereza kiasi, huyo hajui, usimsumbue."

"Na mtu wa kiasi?" nikamuuliza, maana neno hilo nililisikia kila Jumapili.

"Huyo ni mwingine. Mtu wa kiasi anakunywa na bado mlango wa kwake anaujua. Ana mali na hapigi honi kila kona. Ukimsifu anatazama chini. Ana nguvu zake zote, ila amezishika yeye, hazijamshika."

"Sasa nikiwa na kipaza sauti nitajuaje kiasi kimefika?"

"Mtazame usoni anayekusikiliza," alisema. "Haya, anua kahawa, mvua hiyo."

Ndiyo semina yote niliyopata. Mengine nilijifunza kwa kuaibika. Nilijifunza kunywa maji na si soda kabla ya kutambulisha wazazi, kwa sababu soda hurudi, na ikirudi kwenye maiki inasikika hadi kijiji cha pili. Nilijifunza kwamba mjomba hapewi maiki mkononi. Mshikieni ninyi, na msimame upande wa kukimbilia. Palikuwa na mjomba mmoja pale Mbinga aliyeanza nasaha kwa kumtaja mchumba wa kwanza wa bwana harusi, kisha wa pili. Nikamsogelea taratibu, nikamwuliza, "Mjomba, imebaki kiasi gani?" Akanijibu, "Kiasi tu." Kisha akamrudisha bwana harusi darasa la kwanza, akapanda naye hadi la saba, bila kuruka mwaka. Tangu hapo najua kwamba "kiasi tu" ya mjomba ni ndefu kuliko barabara ya Songea.

Basi miaka ikaenda, kipaza sauti cha mkono nikakiweka kwenye begi kama cha akiba, nikapata spika na maiki zisizo na waya, jina likafika hadi chini ziwani. Ndipo nikaitwa kwenye sherehe ambayo mpaka leo watu wa upande wa Liuli wakiniona wanaanza kucheka kabla ya kuniamkia.

Kijiji chenyewe kiko ufukweni, na kwenda hospitali kwa barabara ni kuzunguka kilima kwa gari ambalo siku nyingine halipo. Wagonjwa walizoea kupelekwa kwa mtumbwi, na ziwa likichafuka mgonjwa anasubiri na mtumbwi unasubiri. Kamati ya kijiji ilikuwa imechonga boti nzuri ya mbao na kuipaka rangi ya bluu, ikakosa injini. Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Edith, mama mmoja mstaafu aliyefundisha nusu ya kijiji kusoma na nusu nyingine kunyamaza, akampata mtoto wa hapo aliyetajirika mjini, Bwana Festo. Huyu aliahidi kuleta injini mpya mwenyewe, kwa sherehe, akiwa mgeni rasmi.

Nilifika mapema, nikapita jikoni kama kawaida. Emsii asiyewajua wapishi atakula mwisho. Aliyekuwa mkubwa wa jiko ni dada mmoja aitwaye Sesilia, mjamzito wa tumbo la kutangulia mlangoni, anakoroga sufuria ya wali kama anapiga makasia. Mumewe alikuwa amepanda Mbinga kuuza usipa, wale dagaa wa ziwani.

"Shemeji, si ungepumzika?" nikamwambia.

"Nikipumzika watatia chumvi hawa," alinijibu, akiwaonyesha wenzake kwa mwiko.

Mwalimu Edith akanikuta hapo. "Shikamoo, Mwalimu," nikamwamkia. "Marahaba. Sikiliza, Kandidus. Festo anapenda sifa, na injini bado iko kwenye gari lake. Msifu. Ila msifu kiasi, wasije watu wakasema tunajipendekeza."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, neno hilo nalijua.

Bwana Festo akafika kwa pikapu mbili. Moja ilibeba injini. Ya pili ilibeba kiti chake. Ndiyo, alikuja na kiti, chekundu, cha mito minene na miguu ya rangi ya dhahabu. Wakakiweka chini ya turubai, mchangani. Akakikalia, na kwa kuwa miguu ilikuwa myembamba na mwenyewe si mwembamba, kikaanza kuzama polepole. Kila nilipomtazama alikuwa amepungua.

Nikashika maiki. "Ndugu wananchi, simameni tumpokee mgeni wetu rasmi! Ni mtoto wa hapa. Mungu amembariki na hajatusahau. Na zaidi ya yote, ndugu zangu, ni mtu wa kiasi!"

Nikanyamaza kusubiri vigelegele. Badala yake sauti moja nzito ya mvuvi ikatoka nyuma, kwa nia njema kabisa:

"Kiasi tu?"

"Mwongezee, emsii!" mwingine akadakia. "Kaleta injini huyo!"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Festo hakucheka. Akajivuta kutoka kwenye kiti, ambacho sasa kilikuwa kimo cha kigoda, akanisogelea.

"Emsii. Umesema mimi ni mtu wa namna gani?"

"Wa kiasi, mheshimiwa."

"Kiasi gani?"

Hapa, vijana, ndipo palipohitaji akili, na akili ilikuwa imekwenda kutafuta kivuli. Nikajibu, "Kiasi tu, mheshimiwa."

"Mnasikia!" akawageukia watu. "Mimi natoka mjini na injini mpya kabisa, naitwa mtu wa hivi hivi! Mtu wa wastani! Dereva, funga kamba, tunaondoka na mzigo wetu."

Mwalimu Edith akanifinya kiwiko. "Nilikwambia umsifu kiasi!"

"Nimemsifu kiasi, Mwalimu!"

Nikajaribu kueleza kwenye maiki, nikaharibu zaidi. Mchungaji akanisaidia, akasema kuwa na kiasi ni tunda la Roho. Bwana Festo akauliza ni tunda gani hilo ambalo yeye hajawahi kuliona sokoni. Mama mmoja muuza samaki naye akaona atusaidie. "Samaki wa kiasi wapo," akasema, "ni wale wa katikati. Si wakubwa kama mbasa, si wadogo kama usipa. Wanaliwa tu." Dereva akakaza fundo la kwanza. Nyuma mvuvi mmoja akapendekeza emsii atupwe ziwani na suti yake ya kuazima. Nilimwona Sesilia amesimama mlangoni mwa jiko, mkono mmoja kiunoni, anaitazama injini inavyofungwa upya, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuona kitu cha kuchekesha.

Ndipo ikasikika fimbo inagonga chini. Alikuwa Bibi Hilda, mama mzazi wa Bwana Festo, aliyekuwa amekaa mkekani na wenzake muda wote.

"Leteni hicho chuma," akasema. Nikampelekea maiki mbio.

"Emsii amesema uongo," akaanza. "Amesema Festo ni mtu wa kiasi. Mimi ndiye niliyemzaa. Huyu hajawahi kuwa na kiasi hata siku moja! Alikuwa anamaliza samaki wa baba yake, halafu anamchapa paka. Leo kaja na kiti kutoka mjini, utadhani sisi huku hatukai, tunaning'inia. Mtu wa kiasi alikuwa marehemu baba yake. Alikuwa akirudi na mtumbwi umejaa hadi unanywa maji, watu wakimuuliza kama amepata, anawaambia, 'Tumejaliwa.' Basi. Hilo ni jina la mume wangu. Emsii, usiligawe ovyo."

Bwana Festo alisimama na tai yake, amepigwa na kitu ambacho hakukitarajia. Dakika moja kabla alikuwa hataki kuitwa mtu wa kiasi. Sasa ameambiwa hastahili.

"Mama," akasema, "mimi ni mtu wa kiasi."

"Wewe?"

"Mimi!"

"Haya," bibi akasema, akirudisha maiki. "Tuone."

Bwana Festo akamwamuru dereva afungue kamba. Injini ikashuka, fundi akaanza kuifunga kwenye boti, kijiji kikashangilia. Hapo ndipo ilipaswa kuisha. Lakini Bwana Festo alikuwa ameshika jambo, na watu wa namna yake wakishika jambo hawalishiki kwa kiasi. Akakiacha kiti, akaenda kukaa mkekani nyuma ya akina mama. Hotuba yake ilikuwa ya kurasa nyingi. Akaikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Injini hiyo hapo. Asanteni."

Wale wafanyabiashara waliofuatana naye wakaona hawawezi kubaki meza kuu wakati mkubwa wao yuko mkekani, nao wakahamia nyuma. Mchungaji akawafuata. Wazee wa kamati hawakukubali kushindwa unyenyekevu na watu wa mjini, wakahama pia. Mara nikajikuta naitangazia meza kuu isiyo na mtu.

Chakula kikaiva. Nikakaribisha foleni. Kila niliyemwita atangulie alisema, "Hapana, mimi nani? Waanze wengine." Waliotajwa kuwa wengine wakasogea nyuma. Nimeongoza foleni nyingi maishani, hiyo ndiyo pekee niliyoiona ikirudi kinyumenyume, hadi wa mwisho wakaingia majini. Waliofika mezani walichota wali wa kulisha kifaranga. Bibi Hilda akampelekea mwanawe samaki aina ya magege, mzima, mwanawe akamega mkia tu, akitazama kichwa cha samaki kwa huzuni isiyofichika.

Fundi akasema injini iko tayari, avute kamba nani? Ikawa mashindano upya.

"Avute Bwana Festo."

"Mimi hapana. Avute mchungaji."

"Nisingethubutu mbele ya Mwalimu Edith."

"Wazee wapo," Mwalimu Edith akasema.

Wazee wakasema vijana wapo. Vijana wakatazama miguu yao. Mimi nilikuwa nimeishiwa maneno, jambo ambalo kwa emsii ni kama dereva kuishiwa barabara.

Sesilia akatoka jikoni. Hakupiga kelele. Alishika nguzo ya turubai, mwiko ukamdondoka, akasema, "Mwalimu, nadhani huyu mtoto hatasubiri mmalizane."

Bibi Hilda alikuwa wa kwanza kuelewa. "Festo!" sauti yake haikuhitaji spika. "Kiasi kimetosha! Sukuma boti!"

Bwana Festo aliingia ziwani na suti, viatu, saa, kila kitu. Mtu akasema Sesilia hawezi kukaa kwenye ubao mgumu, basi wakaking'oa kile kiti chekundu mchangani, wakakiweka katikati ya boti, wakamkalisha. Mwalimu Edith akapanda kumshika mkono. Na mimi nikasukumwa ndani na kipaza sauti changu cha akiba, niwaondoe watu njiani. Fundi akavuta kamba, injini ikashika, Bwana Festo akarukia nyuma kama gunia.

Kile kipaza sauti kina kitufe cha king'ora. Nilikibonyeza nikijiona nafanya la maana. Wavuvi wote waliokuwa mbele yetu wakaona boti ya bluu inakuja kwa kasi na king'ora, na mwanamke ameketi juu ya kiti cha dhahabu, wakadhani ni msako wa nyavu haramu wa aina ambayo haijawahi kutokea. Walitupisha. Wengine walituachia ziwa zima. Sesilia akawa anacheka, kisha anauma meno, kisha anacheka tena. "Zima hicho kidude, emsii, mtoto atatoka anakimbia."

Tulifika. Wauguzi wakamchukua haraka, Mwalimu Edith akaingia naye. Muuguzi mmoja akarudi mlangoni, akamkuta Bwana Festo anachuruzika maji kama mbuzi aliyetoka mtoni.

"Na wewe ni nani wa mgonjwa?"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, ni mazoea ya kazi. "Huyu ni mgeni ra—" Bwana Festo akanikanyaga kwa kiatu kilichojaa maji.

"Mimi ni wa kusukuma boti," akasema.

"Basi kaa pale nje, unanilowanishia sakafu."

Akaenda akakaa kwenye benchi nje. Akaja mzee wa kikohozi, akampisha nafasi, akasimama. Hakuna aliyekuwa akimtazama zaidi ya mimi. Mwalimu Edith alipotoka na kutuambia ni mtoto wa kike, na mama ni mzima, Bwana Festo alifuta uso kwa tai, na tai ilikuwa imelowa, kwa hiyo sijui alikuwa anafuta nini.

Baada ya hapo nimefanya kazi miaka mingine mingi. Nimeona keki ikianguka, nimeona bibi harusi akikataa na kisha akikubali, nimewatambulisha ndugu waliokuwa hawasemezani. Nikamaliza kwa sababu ya magoti na koo, si kwa sababu ya hasira za mtu. Lakini mkiniuliza kazi yangu ilikuwa nini, mimi nakumbuka asubuhi iliyofuata siku ile.

Jioni tuliporudi kijijini, gari la kupanda Mbinga lilikuwa limeniacha, Bibi Hilda akanikaribisha kwake. Kulipokucha Bwana Festo alikuwa jikoni kwa mama yake, amevaa shati la marehemu baba yake lililokataa kufunga vifungo, amekaa kwenye kigoda karibu na moto. Dereva alikuwa amemuuliza kama arudishe kile kiti mjini, akajibu kibaki kwenye boti. Mama yake akampa ugali na samaki. Alikula taratibu, kwa adabu, akaacha sahani safi, akanawa.

"Umeshiba?" mama yake akamuuliza.

Bwana Festo akatazama chini. "Kiasi, mama."

Bibi Hilda alichukua sahani, akamwongeza samaki mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza.